Mgeuza Ufunguo

Mume wangu alikuwa haniiti kwa jina akiwa kwenye gari. Alitia kichwa ndani ya boneti, mikono imezama hadi viwikoni, na kutoka humo nikasikia neno moja tu: "Piga." Basi nimeitwa. Naacha samaki wangu kwenye kikaango, nafuta mikono, natoka uani, napanda kiti cha dereva na kugeuza ufunguo. Injini inazunguka kwa kelele lakini haiwaki, kwa kuwa waya mnene wa katikati ameutoa mahali pake, anausogeza karibu na chuma aone kama moto unaruka. Akisema "Basi," naachia.

Kazi yangu ilikuwa hiyo, miaka ishirini na kitu, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya alasiri. Jua la Likoni ni kali na ule moto ni mdogo, hauonekani mchana. Kwa hivyo kabla ya "Piga" lilitangulia neno jingine: "Leso." Nikamvulia leso ya kichwani, akajifunika yeye na injini yake kama mtu anayejifukiza homa. Mimi nikabaki kwenye kiti, kichwa wazi uani kwangu, nasikia harufu ya samaki wanaungua.

"Umeuona?" namuuliza.

"Nimeuona."

"Basi nashuka."

"Mara moja tena."

"Si umeshauona, wewe?"

"Mara moja tena. Hutapungua."

Napiga tena huku nanung'unika. Siku moja nilimuuliza, "Hivi mimi nimeolewa hapa au nimeandikwa kazi ya taniboi?" Akajibu kutoka chini ya leso, "Vyote viwili."

Sikuwahi kushuka nikaangalia alichokuwa akikitazama. Kusoma nimesoma darasa nne na chuo cha Kurani, mengine yote nimeyajua kwa mikono. Mikono hiyo imelea watoto saba na wajukuu kumi na mmoja, na mmoja wa wajukuu hao leo hung'oa watu meno kwa cheti cha serikali, kwa hivyo sitaki kuonewa huruma na mtu. Lakini ndani ya boneti palikuwa pake, kama jikoni palivyokuwa pangu.

Alifanya kazi kiwandani Changamwe hadi nywele zikawa nyeupe, akavuka feri asubuhi na jioni kama wenzake. Alipostaafu akainunua ile pikapu, na hata wakati ule ilikuwa tayari na umri wa kuoa. Aliitumia kubeba masufuria ya karamu. Hakuna harusi ya maana upande wetu ambayo sufuria zake za biriani hazikupita nyuma ya gari lile, na matanga vilevile. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliliwasha, akaliacha lingurume kidogo, ndipo akaja kunywa chai. Mimi nikisikia ule mngurumo najua mzee yuko, siku imeanza, namimina.

Asubuhi aliyofariki gari liliwaka kama kawaida. Nikamimina. Aliingia, akakaa kitandani, akainama avue viatu, akabaki ameinama. Nilimwambia chai inapoa. Nilimwambia mara mbili.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi sitoki nje ya ua wangu, sijipambi, sijitii manukato wala mafuta, nguo ni hiyohiyo ya kujisitiri. Mwezi wa kwanza nyumba ilijaa watu hata nikatamani wanipishe nilie peke yangu. Mwezi wa pili wakanipisha. Nani atakaa kumtazama mjane miezi minne? Watu wana kazi, wana watoto, feri ina foleni. Binti zangu wakarudi kwa waume zao, mmoja Kisauni, wengine mbali zaidi. Mwanangu wa kiume akarudi Chaani, karibu na bandari anakofanya kazi ya kupokea makontena. Nikabaki mimi na kuku.

Kimya cha nyumba hakifanani na kimya cha mahali pengine. Nilikuwa napika kibaba cha mchele wa watu wawili, nagundua nikiwa nimeshapakua sahani mbili. Mara kadha nikiwa jikoni nilisikia kitu uani, nikaitika "Abee" kwa sauti, nikatoka na mikono ya unga hadi kwenye gari. Boneti imefungwa. Kuku mmoja amelala juu yake.

Ndipo nilipoanza kulitunza. Sisi hapa pwani kitu cha chuma kisipopakwa mafuta ya nazi huliwa na hewa ya chumvi. Mbuzi ya kukunia nazi napaka, panga napaka, bawaba za milango napaka. Nami nilikuwa na chupa mbili za mafuta niliyoyapika mwenyewe kabla ya msiba, yenye mrihani ndani, nilikuwa nimeyaweka kwa nywele zangu, na sasa hayaruhusiwi kunigusa. Nikafungua boneti. Nikapaka waya zote zikang'aa. Palikuwa na kifuniko cheusi kilichotokeza waya tano kama pweza. Nikakibandua, kwa kuwa nilishamwona akibandua. Ndani nikaona vipande viwili vya chuma vidogo mno, kama kucha za mtoto mchanga, vimegusana. Nikavihurumia. Nikachovya kidole nikavipaka vizuri kuliko vingine vyote. Nilifanya hivyo kila Alhamisi ya kwanza, miezi yote ya eda iliyobaki. Kulikuwa na raha yake. Niseme ukweli, ndiyo raha pekee niliyokuwa nayo.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa, nikamwambia jirani anitilie betri chaji. Nikapanda kiti changu, nikageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka. Haikushika. Nilisubiri nisikie "Basi". Nilisubiri hata betri ikaanza kuchoka.

Nikaita fundi wa gereji ya barabarani. Akaja na kifaa kama simu kubwa, chenye mkia wa waya, akazunguka chini ya usukani anatafuta.

"Mama, hili halina mahali pa kuchomeka."

"Kuchomeka nini?"

"Mashine yangu. Gari linaiambia mashine linaumwa wapi."

"Na lisiposema?"

"Lisiposema ni chuma chakavu, mama yangu." Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamrudisha na mkia wake.

Nadhani ndiye aliyepeleka habari, maana siku ya pili mwanangu alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, lile gari."

"Limefanyaje?"

"Haliwaki, najua. Linaoza pale. Nimezungumza na watu wa vyuma chakavu. Tulitoe, pale pasimame chumba, utie mpangaji mwenye familia yake. Upate mtu wa kukusikia ukiita."

"Mimi nimemwita nani?"

Halafu akasema taratibu, "Jirani anasema huwa waitika, mama. Uko peke yako na waitika."

Hilo lilinichoma. Nikamwambia gari la babake halitoki. Akaniambia babake hayupo. Tukabishana hadi akachoka, mwishowe akasema, "Nakuja Jumamosi na watu wale. Likiwaka mbele ya macho yangu, wallahi sitalitaja tena maisha yangu. Lisipowaka linakwenda, na hutanililia."

"Sikulilii wewe," nikamwambia, nikakata simu. Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nikatafuta mzee mmoja wa Mtongwe, fundi wa zamani, rafiki wa marehemu. Ni mtu wa bara lakini ameishi huku hata Kiswahili chake kimelainika. Magoti yamemwisha, hatoki kwake, kazi zote anafanya ameketi kwenye kigoda mbele ya meza ya vyuma. Nilikuwa nimefungua parafujo iliyovishika, nikavitoa vile vyuma viwili na kuvifunga kwenye kitambaa cheupe kama jino la mtoto. Akavipokea, akavisogeza puani kabla ya machoni.

"Shemeji," akasema, "hizi pointi umezipikia wali?"

"Nimezitunza zisishike kutu."

"Na mrihani umetia." Akacheka hata akashika ubavu. "Mimi nimeona pointi zimeungua, nimeona zimelika, zimevunjika. Zenye manukato ndiyo mara ya kwanza."

Nilitaka kugeuka niende zangu. Akaniwahi, akanivutia kigoda. Akasema, kaa nikufundishe, maana usipojua utaniletea nyingine zilizokaangwa.

Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Betri ina nguvu kidogo, haiwezi kurusha moto. Nguvu yake hupita kwenye koili, lile kopo lenye waya zilizosokotwa ndani. Na njia ya kupitia ni hizi pointi. Zikibusiana, umeme unapita na kulijaza kopo. Zikiachana ghafla, kopo linashtuka, na ule mshtuko ndio moto wenyewe. Unapanda waya mnene wa katikati, unaingia kwenye kile kifuniko cha pweza, unagawiwa plagi moja baada ya nyingine kama sahani za harusi, kila mtu kwa zamu yake. Kitu chochote kikikaa katikati ya pointi, mafuta, vumbi, hata nywele, hazigusani tena, zadhani zimegusana. Kopo halijai. Hakuna mshtuko, hakuna moto. "Gari lako si gonjwa," akasema. "Umelipenda kupita kiasi."

Akazisugua kwa msasa laini, akazifuta kwa kitambaa chenye petroli, akazipuliza. Akanionyesha kupima mwanya wake: zikiachana kabisa, upite ukaratasi mgumu wa ganda la kiberiti, usibane wala usicheze. Kisha akanipa onyo la waya, kwamba zote nizifute zikauke, na kila mmoja nirudishe ulikotoka, nikichanganya gari litapiga chafya wala halitaenda.

"Na kuuona moto?" nikauliza. "Mimi niko peke yangu. Nani atageuza ufunguo?"

"Wa nini?"

"Si lazima mtu ageuze, mwingine aangalie?"

Akanitazama kama hakunielewa. Juu ya meza yake alikuwa na koili kuukuu, betri, na pointi zimefungwa kwenye kipande cha chuma. Akaunganisha. Akashika kijiti cha mshikaki, kikavu, akaweka ncha ya waya mnene karibu na chuma. Akazitenganisha pointi kwa kijiti. Ta. Akaachia, akatenganisha tena. Ta. Chini ya kivuli cha mkono wake nikauona kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mdogo, wa samawati, kama jicho la paka lililofumba na kufumbua.

"Ufunguo unauwasha hatua moja tu, taa zije, unauacha hapo, unashuka," akasema. "Injini haina haja ya kuzunguka. Kijiti chatosha. Mtu mmoja."

"Mtu mmoja," nikasema.

"Mmoja tu."

"Mume wangu alikuwa akiniita mimi. Kila mwezi."

Yule mzee akaanza kukusanya waya zake. Alizikusanya polepole mno. "Pengine hakuijua hii njia," nikamwambia, kumsaidia.

"Shemeji," akasema bila kuninyanyulia macho, "aliyenifundisha hii njia ni yeye. Tukiwa wote kiwandani."

Sikumbuki nilirudije nyumbani. Nakumbuka nilikaa kwenye kile kiti cha dereva mlango wazi, viatu mchangani. Nikamkumbuka dada yangu wa Mwakirunge, mwaka aliovunjika mguu nikaenda kumuuguza siku arubaini. Niliporudi gari lilikuwa zima, na Alhamisi ya kwanza ilikuwa imepita mara moja bila mimi. Sikuwahi kujiuliza nani alipiga. Yeye alikuwa mtu asiyesema maneno. Hakuniambia kitu kitamu tangu harusi yetu, na hata siku ile alisema tu kwamba wali ulikuwa mzuri, na wali sikuupika mimi. Miaka yote ile nimekaa hapa nikihesabu samaki wangu wanaoungua, nikimhimiza amalize. Nikimjibu vibaya. Naye chini ya leso yangu, amekwisha uona moto tangu mara ya kwanza, anasema mara moja tena.

Jumatano sikufanya kitu. Nililala.

Alhamisi baada ya alasiri nikaanza kazi. Nilifuta waya zote kwa petroli, mafuta yakatoka na vumbi lake, meusi kama lami. Nikatoa plagi nne, nikazisugua midomo kwa brashi ya waya. Nikarudisha pointi. Ili ziachane vizuri nilivuta mkanda wa feni kwa mkono, kidogo kidogo, injini ikageuka laini kwa kuwa plagi ziko nje, nikapitisha ganda la kiberiti. Likabana. Nikalegeza parafujo. Likacheza. Nilirudia hadi jasho likaingia machoni, na mara ya saba au ya nane likapita kama lilivyotakiwa. Nikawasha ufunguo hatua moja. Nikashuka. Nikavua leso ya kichwani, nikajifunika mimi na injini.

Ndani palikuwa na joto, na harufu ya mrihani bado. Nikatenganisha pointi kwa kijiti.

Ta.

Nikaona. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Nilitenganisha tena, na tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hakuna mtu wa kuniambia basi.

Kisha nikarudisha kila kitu na kufunga boneti. Ufunguo ulikuwa mkononi. Ningeweza kuwasha palepale nijihakikishie. Sikuwasha. Nilijiambia ni kuilinda betri.

Jumamosi mwanangu akaja, nyuma yake lori la watu wa vyuma chakavu, wamekaa juu na minyororo yao. Akaniamkia, akanitazama mikono. Kucha zote nyeusi.

"Mama, umefanya nini?"

"Panda kwenye kiti. Nikisema piga, piga. Nikisema basi, achia."

"Wewe ndiye uwe fundi?"

"Panda."

Akapanda. Ni mtu mzima, ana mvi mbili tatu, lakini pale alikaa kama alivyokuwa akikaa chini ya babake. Nikasimama mbele ya boneti iliyo wazi. "Piga," nikasema.

Injini ikazunguka mara mbili, ikapiga chafya moja kubwa, moshi ukatoka juu, kuku wakatawanyika. Ikanyamaza. Juu ya lori mmoja akasema, "Hilo limeaga dunia, mzee." Wengine wakacheka. Mwanangu hakucheka, lakini nilimwona akishika mlango kutaka kushuka.

"Kaa hapo," nikamwambia.

Chafya. Yule mzee wa Mtongwe aliniambia chafya. Nikainama kwenye zile waya. Marehemu alikuwa amezifunga nyuzi, wa kwanza uzi mmoja, wa pili nyuzi mbili, hivyo hivyo hadi nne, na mahali pa kila mmoja kwenye kifuniko palikuwa na mikwaruzo ya msumari kwa idadi ileile. Nilipozisafisha nilikuwa na machozi, sikuona vizuri. Nyuzi mbili zilikuwa kwenye mikwaruzo mitatu, na nyuzi tatu kwenye miwili. Nikazibadilisha.

"Piga."

Likashika. Likatetemeka kwanza, likakohoa, kisha likatulia kwenye ule mngurumo wake wa asubuhi zote. Mwanangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na ametazama mbele, na nikajua anasikia ninachosikia mimi, maana naye aliamshwa na kelele ile kabla hajaoa. Watu wa lori wakashusha minyororo waliyokwisha kuinyanyua. Nikawapa madafu, wakaenda zao.

Mwanangu alikula kwangu mchana. Sahani mbili, zote zikatumika. Hakulitaja gari tena, ameshika neno lake. Alasiri akavuka feri, na nyumba ikarudi kuwa ilivyo.

Sasa naliwasha mwenyewe kila alfajiri, linanguruma kidogo, namimina chai kikombe kimoja. Pointi nazikagua peke yangu kwa kijiti, wakati wowote nipendao, haichukui hata robo saa. Lakini ikifika Alhamisi ya kwanza ya mwezi nampigia simu mwanangu. Namwambia gari lataka kuangaliwa moto na mimi siwezi peke yangu, nataka mtu wa kugeuza ufunguo. Analalamika. Kazi ni nyingi, foleni ya feri ni ndefu, kwa nini nisimwite jirani. Halafu anakuja.

Anakaa pale kwenye kiti, simu mkononi, ananung'unika. Mimi nimejifunika leso.

"Mama, hujauona tu?"

"Nimeuona."

"Basi nishuke."

"Mara moja tena," namwambia.